Mshale Ambao Sikuutazama

Ninyi vijana wa sauti mna raha. Mkikosea mnabonyeza kitufe, kosa linarudi lilikotoka na hakuna aliyelisikia. Siwaonei wivu, maana kazi ni kazi. Ila mimi kosa langu halikufutika. Lilitengenezwa santuri, likauzwa nchi nzima, likapigwa kwenye harusi na mabaa, na watu wakalipenda. Mpaka leo wanalipenda. Nimelinyamazia karibu miaka hamsini, na nawaandikia ninyi kwa sababu wenzenu wawili ndio walioniondolea kufuli mdomoni.

Nilikuwa fundi mitambo wa redio, kule Dar. Mtangazaji mnamjua kwa jina na kwa picha. Fundi mitambo mnamkumbuka siku sauti inapokatika, na siku hiyo mnamtukana. Nilistaafu nikarudi kwetu Morogoro, nikajenga Kihonda, na chini ya kitanda changu nikaweka bati la biskuti lenye utepe mmoja wa sauti. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza mara nyingi kwa nini situpi lile bati. Nilimwambia ni kumbukumbu ya kazi.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipokatika, akaja binti mmoja anaitwa Neema na mwenzake Baraka. Neema anatengeneza filamu, Baraka ndiye mtu wake wa sauti. Walinipa shikamoo ya adabu, nikawapa viti.

"Babu, tunafanya dokumentari," Neema akasema. "Jinsi santuri ya *Ukungu* ilivyorekodiwa hapa Moro. Ile ya Lupanga Umeme."

Msioijua bendi hiyo, ilikuwa ya vijana wa hapa mjini na wa milimani, miaka ya sabini. Wazungu walikuwa na muziki wao wa roki. Hawa wakachukua yale magitaa ya kukwaruza wakayatia ngoma ya Kiluguru na maneno ya Kiswahili. Sisi tuliuita muziki wa umeme. *Ukungu* ndiyo santuri ndefu pekee waliyowahi kutoa. Na kinachosifiwa kuliko vyote katika santuri hiyo ni sauti ya mwimbaji, nyembamba, ya juu, inayokimbia.

"Hiyo ngoma ni noma, babu," Baraka akasema. "Watu wa nje wanaitafuta hatari. Sasa kuna kitu kimoja kinatusumbua."

"Kipi?"

Neema akafungua daftari lake. "Nani aliimba? Jaketi la santuri linasema Sefu. Lakini kila mtu tuliyemhoji anasema Sefu hakuwa na sauti ile. Wanasema aliimba mtu mwingine, Sefu akapewa jina tu. Mjane wake yuko Mafiga, tumekwenda mara mbili, amekataa kutuona. Wewe ndiye uliyerekodi. Ni wewe peke yako uliyebaki wa siku ile."

Nikawaambia waje kesho, kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kinauma. Walipoondoka nililitoa lile bati nikaketi nalo mapajani, na niliona aibu kama mtoto aliyekutwa jikoni.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Klementi, maana bila yeye hamtaelewa ukubwa wa kosa lenyewe. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa utepe, na kama umekula karanga hakuruhusu usogee karibu. Wakati ule tulikata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Wiki yangu ya pili niliunga kipande cha mazungumzo ya bwana shamba kinyumenyume, na mkulima aliyekuwa akisubiri kusikia habari za mbolea akasikia lugha ya majini. Mzee Klementi hakunifokea. Alinifungia studioni, akaniweka nisikilize kile kipande kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara tatu. Alipofungua mlango akauliza, "Umejifunza nini kuhusu mbolea?"

Alikuwa na amri zake. Wimbo ukiisha usizime mashine, hesabu mpaka kumi, maana mlio wa mwisho wa gitaa unachelewa kufa. Na amri kubwa kuliko zote ilihusu jenereta. Tulipokwenda kurekodi nje ya studio tulibeba jenereta letu, lenye saa ndogo yenye mshale. Mshale ukikaa katikati, umeme unakwenda mwendo wake na mashine ya kurekodi inazungusha utepe mwendo wake. Mshale ukishuka, mashine nayo inazubaa. Alisema hivi: "Mshale wa sauti unakwambia wanamuziki wanafanya nini. Mshale wa jenereta unakwambia wewe unafanya nini. Anza na wa kwako."

Nilikuwa naijua amri hiyo kwa moyo.

Siku ya *Ukungu* Mzee Klementi alikuwa anaumwa malaria, na kwa mara ya kwanza nikatumwa peke yangu na gari, dereva na mashine. Nilijiona bwana mkubwa. Nilivaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, vyenye visigino vya kushindana na ngazi, nilivyonunua wiki ile ile. Viatu hivyo mviweke akilini.

Asubuhi bendi ilifanya jambo lake la kila siku. Hawakuwa na kifaa cha kutunia magitaa, yaani kulinganisha sauti za nyuzi zake. Walichokuwa nacho ni duka la Mzee Jayanti, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye mama yake alikuwa na harmoniamu, kile kinanda kidogo cha kupiga ukiwa umekaa chini, chenye mivukuto nyuma. Bibi yule alikitumia kwa nyimbo za sala zao, na hakukubali kitoke nje ya nyumba yake hata kwa nusu saa. Kwa hiyo gitaa ndilo lililokwenda kwake. Mpiga gitaa alivua viatu mlangoni, bibi akabonyeza ufunguo mmoja wa kinanda, ule ule siku zote, yule naye akakaza waya wa gitaa mpaka sauti zikalingana. Kisha gitaa likafungwa kanga lisipigwe jua na kubebwa mpaka kwenye ukumbi wa kurekodia, na magitaa mengine yakafuata lile. Watu walicheka wakiona gitaa linatembezwa limefunikwa kama bi harusi. Lakini bendi nzima ilisimama juu ya ufunguo ule mmoja.

Sefu alikuwa ameshuka kutoka Kinole. Alikuwa mrefu, mpole, na sauti yake ilikuwa nzito. Hilo lieleweni vizuri: nzito, ya kifuani, yenye mchanga kidogo. Alipofanya majaribio kwenye kipaza sauti nilirudisha mshale nyuma, maana alijaza ukumbi bila kupiga kelele.

Tukiwa tayari, umeme wa mji ukakatika. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka milimani, na mtu wa hapa anajua mvua ile ikishuka umeme hauna ahadi. Sikujali, nilikuwa na jenereta nyuma ya ukumbi, na dirisha la upande ule tulikuwa tumeliziba kwa magodoro ya sufi mlio usiingie. Lakini jenereta lile lilikuwa la mashine yetu tu. Kiongozi wa bendi akaja mikono kifuani: bila amplifaya hawa si Lupanga Umeme, ni waimba kwaya. Nikakubali. Nikaunganisha amplifaya moja, ya pili, ya tatu. Pale ya tatu ilipowaka, nilisikia kwa mbali mlio wa jenereta ukishuka, ukawa wa chini kidogo, wa kuchoka.

Masikio yangu yalisikia. Niliinuka niende nikatazame saa ya jenereta. Nikafika mlango wa nyuma, nikaona kutoka pale mpaka kwenye jenereta kuna tope jekundu la kufika vifundoni. Nikatazama viatu vyangu.

Nikarudi nikakaa. Nilisema moyoni nitatazama baadaye.

Tukarekodi santuri nzima mchana ule. Na mjue ujanja wa kosa hili: tulipourudisha utepe na kuusikiliza palepale, kwa jenereta lile lile lililochoka, kila kitu kilisikika sawasawa. Mashine iliyorekodi polepole ilicheza polepole. Watu walikumbatiana. Sefu alilia.

Kesho yake, Dar, kwenye umeme wa kweli, nikauweka utepe, nao ukazunguka mwendo wake kamili. Magitaa yakatoka mbio, juu kuliko ufunguo wa bibi. Na kwenye spika akaimba kijana mwembamba wa miaka kumi na saba ambaye sikuwahi kukutana naye.

Mkubwa wetu akapita mlangoni, akasimama. "Nani huyu? Ana moto!" Kabla ya jioni nakala ya utepe ilikuwa imeandaliwa kupelekwa kutengenezewa santuri; utepe wenyewe ulibaki kwangu, ndio huo wa kwenye bati. Mzee Klementi alirudi kazini wiki hiyo, bado macho ya njano. Alisikiliza wimbo mmoja, akanitazama.

"Ulitazama saa?"

"Nilitazama, mzee."

"Basi ndivyo anavyoimba," akasema, akatoka. Hakuniuliza tena, na sidhani kama aliniamini. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, niliogopa kufukuzwa. Hiyo ndiyo sababu, na ni ndogo kama mnavyoiona.

Santuri ilipotoka, Lupanga Umeme wakaitwa kila mahali. Na kila mahali Sefu aliposimama jukwaani na kufungua kinywa, watu waliguna. "Tunamtaka aliyeimba kwenye santuri!" Dodoma walimrushia chupa za soda. Akaanza kujilazimisha kuimba juu. Akanywa tangawizi, akanywa mayai mabichi, akajikamua mpaka sauti yake mwenyewe ikapasuka.

Aliwahi kunifuata kazini, Dar. Tulisimama getini. Akaniuliza taratibu, "Fundi, mbona kwenye santuri najisikia kama si mimi?"

Vijana wangu, nafasi ilikuwa ile. Neno moja lingetosha. Nikamjibu, "Kila mtu akijisikia kwenye mashine hujishangaa, Sefu. Ndivyo ulivyo." Akanishukuru, akapanda basi. Aliondoka akiamini kwamba sauti yake ya kweli ni ile, na kwamba yeye ndiye anayeshindwa kuifikia.

Bendi ikamwacha. Akaenda Dakawa kulima mpunga, akaoa, akazaa. Shuleni mwanawe Zena aliitwa mtoto wa mwizi wa sauti. Mke wake alisema Sefu hakuimba tena, hata akiwa shambani peke yake. Alipofariki nilipanda Kinole kuzika. Nilitia udongo kaburini kama wengine, nikashuka mlima bila kusema kitu.

Basi, kesho yake Neema na Baraka waliporudi, niliwawekea bati mezani nikawaeleza haya yote. Neema aliacha kuandika. Baraka ndiye aliyesema kwanza, na alisema kama fundi.

"Sasa babu, hiyo si tunashusha tu kwenye kompyuta? Dakika mbili."

"Unashusha kiasi gani?"

"Mpaka gitaa likae sawa kwenye tuna, ile programu ya kutunia. Iko kwenye simu."

"Magitaa yale hayakutuniwa na simu," nikamwambia. "Ukikisia, utaniletea mtu wa tatu, ambaye si wa santuri wala si Sefu. Nimeshamzulia mjane yule mume mmoja, sitamzulia wa pili."

Tukaenda dukani kwa Mzee Jayanti. Mzee mwenyewe alishafariki zamani, siku hizi yuko binti yake, Mama Hansa, naye ana mvi kunizidi. Nikauliza kwa woga kama kile kinanda bado kipo. Akanitazama juu ya miwani.

"Kitaenda wapi? Bibi alisema kisitoke nyumbani, hakijatoka."

Tulivua viatu. Mama Hansa akaketi chini, akavuta mivukuto, na bila kuulizwa akabonyeza ufunguo ule ule. "Huu ndio wa vijana wa gitaa," akasema. "Nilikuwa msichana, nilikuwa nachungulia." Baraka alikuwa ameshauingiza utepe wangu kwenye kompyuta yake. Akavaa vifaa vya masikioni, akaushusha wimbo pole pole, akisikiliza kinanda sikio moja na gitaa sikio jingine, mpaka vikalingana. Akavua vile vifaa. Hakusema noma wala hatari. Alisema, "Babu, hii ni sauti ya mtu mwingine kabisa."

"Ndiye mwenyewe," nikasema.

Neema alitaka kunirekodi palepale. Nilikataa. Kamera haiwezi kuujua ukweli huu kabla ya mwenye msiba. Nikampigia Zena simu, nikamwambia amwambie mama yake kwamba fundi anaomba kuja Mafiga, na kwamba haji kuuliza kitu, anakuja kusema.

Bi Mwanaidi, mjane wa Sefu, alitupokea sebuleni, amekaa kwenye mkeka, ushungi mweupe, macho yameanza ukungu. Zena alisimama nyuma yake amekunja mikono. Nilisalimia, akaitikia.

"Karibu, shemeji. Sema."

Nikasema yote, tangu viatu mpaka getini. Sikujaribu kuyafupisha. Nilipofika pale niliposema "ndivyo ulivyo", Zena akageukia ukutani. Bi Mwanaidi hakusogea. Nilipomaliza akauliza, "Viatu?"

"Viatu, shemeji."

"Viko wapi?"

"Vilishaoza zamani."

Akatikisa kichwa. "Nimekusikia. Lakini kusamehe si kazi yangu, ni ya Sefu, na wewe kwa umri huo hauko mbali naye. Mtayamaliza hukohuko. Mimi nipeni hicho mlichokuja nacho."

Baraka akaweka spika ndogo juu ya stuli. Magitaa yakaanza, mazito, yasiyo na haraka. Kisha Sefu akaimba.

Nimefanya kazi ya sauti maisha yangu yote na sijawahi kuona sauti ikiingia ndani ya nyumba namna ile. Bi Mwanaidi aliweka kiganja sakafuni, pembeni yake, mahali ambapo mtu mwingine angekaa. Akasema, "Huyu." Halafu kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye aliyekuwa akiniita mtoni kule Kinole. Zena, njoo umsikie baba yako." Zena alikuja akapiga magoti, na mama na mtoto walilia bila kujificha. Neema alikuwa ameacha kamera kwenye mkoba, namshukuru kwa hilo.

Wimbo ukaisha. Baraka akanyoosha mkono azime, nikamzuia, maana niliikumbuka ile amri ya kuhesabu mpaka kumi. Mle kwenye santuri sehemu hiyo ilikatwa, lakini kwenye utepe wangu ipo. Gitaa likafifia. Kiti kikalia. Kisha Sefu, karibu kabisa na kipaza sauti, kwa sauti yake nzito, akauliza:

"Fundi, imekaa sawa?"

Na kijana mmoja mwenye furaha, mwenye viatu vipya, akamjibu kwa mbali: "Imekaa sawa, Sefu. Hakuna cha kurudia."

Utepe ukaisha. Bi Mwanaidi akafuta uso kwa ncha ya ushungi, akanigeukia.

"Amekuuliza swali," akasema. "Mjibu sasa."

Sijui niliwezaje. Niliitazama ile spika ndogo juu ya stuli, nikasema, "Haikukaa sawa, Sefu. Wewe uliimba vizuri. Mimi sikutazama mshale."

Bi Mwanaidi akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia Baraka auweke tena, kuanzia mwanzo, na asizime mpaka mumewe amalize kuuliza.